Sugu

Mama alipiga simu kutoka Chimbay akauliza:
mpaka leo mnakata tu?
Nikasema ndiyo, Mama, tunakata tu.

Mche una siku saba. Umeota gizani, ndani ya chupa,
mweupe kama mtu aliyefungiwa,
haujawahi kuona udongo wala mdudu.
Kisu kimepita motoni, kimepoa.
Majani mawili ya mbegu naweka kando, mzizi natupa.
Ninachotaka ni kile kijishingo cha katikati;
nakikata vipande, kila kimoja urefu wa punje ya mchele.
Kichwa hakina, miguu hakina.
Halafu nakiambia: haya, kuwa pamba.

Ergash, mkuu wetu, hapendi nizungumze na vipande.
Anasema pumzi hubeba kuvu.

Penye kidonda ndipo mgeni anapoingilia:
kijidudu cha udongo, mlaghai wa zamani,
ambaye kwao huuvimbisha mti apate kula.
Sisi tumempokonya uvimbe wake, tukambebesha
mzigo mwingine, neno moja tu, la kustahimili chumvi.
Tunawaogesha pamoja dakika ishirini,
tunawalaza gizani siku mbili,
kisha tunamfukuza kwa dawa.
Asante hatumwambii.

Ndipo zinapokuja wiki za sugu.
Nyama isiyojua ni nini, si jani, si mzizi,
ya manjano, yenye chengachenga,
inavimba juu ya jeraha
kama ile iliyoota vidoleni mwa Mama
alipokuwa na miaka kumi na miwili,
shule imefungwa tangu Septemba hadi theluji,
kilo hamsini kwa siku, la sivyo jina lako ubaoni.
Mimi namwaga dawa ya kuua.
Kipande kisicholibeba lile neno kinageuka kahawia.
Kinachobaki ni sugu.
Sugu iliyo sugu. Nacheka peke yangu, Ergash ananitazama.

Pamba ya Wamarekani huota ukiikodolea macho tu.
Hii ya kwetu, mbegu za gunia la Mama,
inanenepa na kunyamaza.
Sahani mia nne na kumi. Miezi kumi na minne.
Ergash akasema, tumia ile ya wageni, Tumaris,
utakuja kuichanganya na yenu baadaye.
Nikakataa, kwa sababu ninazozijua
na nyingine ambazo bado sijazijua.

Januari umeme ulikatika Tashkent nzima.
Nilizifunika chupa kwa koti la baba la pamba,
nikalala sakafuni kando yake, soksi tatu tatu.
Asubuhi, sahani sitini zilikuwa na ukungu wa kijivu
na mimi nilikuwa na mafua.

Sahani ya mia tatu na saba haikuwa na ukungu.
Ilikuwa na chembe, kijani, kubwa kama kichwa cha pini.
Nikaisogeza chini ya darubini: ina umbo la moyo,
moyo wa kuchorwa na mtoto, upande mmoja umezidi.
Sikumwita mtu. Nilikwenda kunawa mikono,
nikarudi kuangalia kama bado ipo.

Sasa ina majani matatu, moja limejikunja.
Kujua kama neno liliingia, lazima jani lifie kwenye dawa:
likigeuka buluu, limo.
Lisipogeuka, tulifuga sugu tu.
Nilikaa siku nne na kisu mkononi.
Jana nikakata lile lililojikunja.
Limo kwenye kichupa, kwenye joto la mwili wa mtu,
na kesho saa tatu nitafungua.

Nikampigia Mama, nikamweleza habari za buluu.
Kule kwake ni Machi, shamba jeupe,
ukiligusa na kulamba kidole si theluji.
Hakuuliza rangi.
Aliuliza, huo mche wenyewe, umeupa maji?